Misimu mitatu na mbegu za Finola: uzoefu wangu wa kulima hempu mahali pa baridi na unyevunyevu

Kwa misimu mitatu mfululizo nimepanda mbegu za Finola, aina ya hempu inayochanua kwa umri wake bila kungoja siku ziwe fupi, katika kipande cha ardhi cha mita za mraba 1,000 ambako joto la kiangazi ni nadra kuvuka nyuzi 20, mvua hainyimi mwezi wowote, na ukungu wa asubuhi hulala juu ya majani hadi karibu saa nne. Maoni haya nayaandika kwa ajili ya mkulima mwenye mazingira kama yangu, kwa sababu maelezo niliyoyasoma kabla ya kununua yaliandikwa na watu wenye jua la kutosha, na mengi kati yake yaliniponza.

Kwanza nieleze ninachokizungumzia. Kwa spishi, hempu ni mmea uleule wa bangi, Cannabis sativa, lakini ni ukoo uliochaguliwa kwa ajili ya mbegu na nyuzi, wenye THC, yaani kile kilevi, kidogo mno. Umoja wa Ulaya na Marekani wameweka kikomo cha asilimia 0.3. Hata hivyo mmea huu haupandwi kiholela. Nilipata kibali kabla ya kununua hata punje moja, na lebo rasmi za mifuko nimezihifadhi zote, kwani mkaguzi akifika ndizo anazoanza kuziuliza. Finola yenyewe ilizalishwa Ufini, ambako zamani iliitwa FIN-314, kwa lengo la mbegu na si la kamba, na asili hiyo ya kaskazini ndiyo iliyonivuta.

Kabla yake nilikuwa nimelima msimu mmoja aina ndefu inayongoja siku fupi ili ichanue. Ilinipita kimo mara moja na nusu, ikajaa majani, ikapendeza machoni mwa kila aliyepita njiani, kisha mvua za mwisho wa Septemba zikaikuta mbegu zake zingali maziwa. Nilifyeka shamba lote bila kuvuna hata debe moja. Finola huiva kati ya siku 100 na 120 tangu kupandwa, kwa hiyo iliyopandwa mwishoni mwa Mei huwa tayari kabla mvua hizo hazijaanza. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na inatosha kunifanya niinunue tena.

Lakini sifa hiyo ina gharama yake, na gharama hiyo haikuandikwa kwenye mfuko. Mmea unaongoja siku fupi ukidumaa katika mwezi wa kwanza, bado una wiki nyingi za kujirudi kabla ya kuchanua. Finola haina nafasi hiyo. Siku zake zinahesabika tangu inapochomoza, na baada ya wiki nne au tano maua ya kwanza ya madume huonekana, iwe mmea umefika kiunoni au umeishia kwenye kifundo cha mguu. Kila siku inayopotea kwa baridi au kwa maji yaliyotuama mwanzoni hairudi tena, wala mbolea ya baadaye haiwezi kuifidia.

Hilo nililijua kwa hasara. Kikaratasi cha muuzaji kilisema mbegu zipandwe mapema iwezekanavyo, kwa kuwa miche yake huvumilia baridi ya nyuzi chache chini ya sifuri. Ni kweli kwamba huivumilia baridi hiyo. Isichovumilia ni udongo wa baridi uliolowa. Msimu wa kwanza nilipanda tarehe 2 Mei, udongo ukiwa na nyuzi 6. Miche ilichukua wiki mbili kuchomoza, na ile ya bondeni ikageuka manjano, mashina yakiwa na rangi ya zambarau. Nilichimba kwa kidole kando ya mmoja wao, na kabla sijakitoa kidole shimo lilikuwa limejaa maji. Nilipoung'oa mche huo ulikuja bila ubishi. Mzizi mkuu ulikuwa umeishia urefu wa kiungo kimoja cha kidole, ncha yake kahawia na laini, na nilipoibana kati ya vidole ngozi yake ilivuka ikabaki nyuzi nyembamba kama uzi wa kushonea. Miche iliyonusurika sehemu ile ilichanua ikiwa na kimo cha goti. Mavuno ya shamba zima yalikuwa kilo 34 za mbegu safi.

Msimu wa pili nilibadilisha mambo mawili tu. Nilichimba mifereji na kuinua matuta ya sentimita 20 katika nusu ya chini ya shamba, kisha nikaizuia mikono yangu hadi kipimajoto kilichochomekwa sentimita 5 ardhini kiliponionyesha nyuzi 10 kwa asubuhi nne mfululizo. Hiyo ilikuwa tarehe 23 Mei. Majirani walinionya kwamba nimechelewa, na usiku kadhaa nililala na wasiwasi huo. Miche ilichomoza siku ya sita, yote pamoja, ikiwa kijani iliyokolea, na ikafika kifuani kabla ya kumaliza kukua. Nilivuna kilo 78. Mbegu zilikuwa aina ileile kutoka kwa muuzaji yuleyule. Kilichotofautiana ni udongo zilimoangukia.

Sasa nije kwenye kuvu ya kijivu, Botrytis cinerea, kwa sababu ndiyo inayomtisha kila anayelima mmea huu penye unyevu, na ndiyo niliyoishughulikia kwa muda mrefu zaidi. Kuwahi kuiva kunapunguza hatari yake lakini hakuiondoi. Mashada ya Finola ni mafupi na yameshonana, na maji ya mvua yakishaingia katikati hayatoki upesi. Dalili ya kwanza ni ndogo: jani moja dogo katikati ya shada lililonyauka wakati yaliyolizunguka ni mazima. Ukilivuta linatoka lenyewe. Agosti ya msimu wa pili nilivuta jani la namna hiyo, nikalipasua shada kwa kucha, nikakuta ndani bua limegeuka kahawia na kufunikwa na manyoya ya kijivu, na nilipolipumulia tu vumbi kama majivu likapeperuka kuelekea mimea ya jirani. Tangu siku ile shada lenye dalili nalikata taratibu, nalitumbukiza kwenye mfuko hapohapo na kuufunga kabla sijapiga hatua.

Chanzo kikubwa cha kuvu ile shambani mwangu kilikuwa madume. Finola ina mimea dume na mimea jike, na dume likishamwaga chavua hufa likiwa limesimama. Mahali pakavu hunyauka na kupotea. Kwangu lilibaki katikati ya majike likiwa limelowa, majani yake yaliyooza yamelalia mashada mabichi, na kuvu hii hupenda kuanza kwenye kitu kilichokufa kabla ya kushambulia kilicho hai. Kwa hiyo msimu wa tatu, uchavushaji ulipokwisha, mimi na mdogo wangu tulipita mstari kwa mstari tukakata madume yote. Ni kazi ya siku tatu, inayochosha mgongo, na sidhani inawezekana kwenye hekta nzima. Kwa kipande kama changu ninaipendekeza bila kusita. Tulipanua pia nafasi kati ya mistari kutoka sentimita 15 hadi 25 na kuielekeza kwenye upepo unaovuma mara nyingi, nikapunguza mbolea ya naitrojeni kwa theluthi moja, maana mmea ulioshiba naitrojeni huwa na majani mengi laini yanayokaa na maji. Nafasi ile pana ilileta magugu zaidi. Finola ni fupi, haiyafuniki magugu kama zile aina ndefu zinavyosifiwa kufanya, na palizi mbili hazikuepukika.

Asubuhi za ukungu tulikuwa tukishika kamba, yeye mwisho huu nami mwisho ule, tukaipitisha juu ya mimea ili umande udondoke. Mashada yalikauka saa moja au zaidi kabla ya sehemu tuliyoiacha bila kupitisha kamba. Tuliacha kufanya hivyo mbegu za chini zilipoanza kuwa kahawia, kwa kuwa wakati huo kamba hudondosha mbegu pamoja na umande.

Uamuzi mgumu kuliko yote ni siku ya kuvuna. Mbegu za shada moja haziivi pamoja. Zinaanza chini kupanda juu, na ukingoja za juu, za chini zinapukutika au kuliwa na ndege, ambao wanaipenda mbegu hii kupita kiasi na huanza kuja kwa makundi wiki mbili kabla ya mavuno. Mimi huvuna karibu asilimia 70 ya mbegu zinapokuwa ngumu na zenye rangi ya kahawia, na ikitokea alasiri moja kavu siku hizo sisubiri ya pili. Msimu wa tatu alasiri hiyo ilikuwa tarehe 11 Septemba. Tulikata kwa mundu, tukapura juu ya turubai, tukajaza magunia jioni, na kwa uchovu nikayaacha yamesimama bandani. Saa tatu usiku nilirudi kuchukua taa, nikaingiza mkono ndani ya gunia moja hadi kwenye kiwiko, nikakuta katikati pana joto kama chungu kilichotoka kuepuliwa, na harufu ya majani yaliyovunda ikitoka. Mbegu mbichi yenye makapi mabichi hujichemsha ndani ya saa chache. Tulizimwaga zote usiku uleule juu ya wavu, unene usiozidi sentimita 5, tukawasha feni ya kupuliza hewa isiyo ya moto, na kuzigeuza kila baada ya saa mbili hadi kulipokucha. Gunia lile moja mbegu zake zilikuwa na ladha chungu, sikuzitumia. Zilizobaki zilikauka hadi unyevu wa asilimia 8, na baada ya kupepeta zilikuwa kilo 86.

Kuhusu mbegu zenyewe nina malalamiko mawili. La kwanza ni kwa muuzaji wangu: nina desturi ya kuhesabu mbegu 100 na kuzifunga kwenye kitambaa kilicholowa kabla ya kupanda, na mzigo wa msimu wa kwanza ulitoa miche 92, wa pili 90, lakini wa tatu ulitoa 71 tu. Nilimpelekea picha. Baada ya wiki mbili za kuzungushwa alinirudishia sehemu ya fedha, lakini wiki mbili mwezi wa Mei ni nyingi kwa mmea wa aina hii, na ilinibidi niongeze kiasi cha mbegu kutoka gramu 3 hadi karibu gramu 4 kwa mita ya mraba ili shamba lijae. La pili linahusu matarajio: anayetaka nyuzi ndefu asinunue aina hii, kwani mabua yake ni mafupi na membamba, nami yangu hutumika kwa matandazo tu. Mbegu zake pia ni ndogo kuliko za aina nyingi za hempu, kwa hiyo mashine ya kumenya iliyopangwa kwa mbegu kubwa hupitisha nyingi zikiwa nzima.

Mafuta niliyokamua ni ya kijani, yenye harufu ya karanga mbichi, na nayahifadhi gizani kwenye baridi kwa sababu yana omega-3 na omega-6 nyingi, ambazo huharibika upesi kwa mwanga na joto. Mashudu yanakwenda kwa kuku.

Nimeshaagiza mbegu za msimu wa nne, safari hii kutoka kwa muuzaji mwingine na miezi miwili mapema, ili zikija mbovu nipate muda wa kubadilisha. Zimefika wiki iliyopita. Kitambaa kilichofungwa mbegu 100 nimekifungua leo asubuhi, nikahesabu mara mbili: 94 zimeota.