TAHADHARI: Anayeuza bango "halisi" la Out of the Past la 1947 amenitapeli dola 1,150

Wakuu, salaam. Naandika haya nikiwa bado na uchungu, lakini nisipoandika leo mwingine atalizwa wiki hii hii. Kuna mtu anazunguka kwenye makundi yetu ya Waswahili tulioko Marekani na Ulaya, anauza mabango ya filamu za zamani, hasa zile za noir, yaani filamu za uhalifu zenye giza na usaliti, za miaka ya 1940. Ana adabu, Kiswahili chake kitamu, atakuita "kaka mkubwa" kabla hujamwambia hata jina lako. Bango aliloniuzia ni feki. Ninalo hapa mezani na nimelipima kila upande.

Nieleze kwanza kwa nini bango hili. Nilipofika huku nilifanya kazi za zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia hakuwa na usingizi, akawa anatazama filamu za nyeusi na nyeupe hadi alfajiri. Kwake ndipo nilipoiona Out of the Past ya Jacques Tourneur. Jane Greer anaingia mgahawani Acapulco akitokea juani, na Robert Mitchum, aliyelipwa kumtafuta, anamsahau kabisa aliyemtuma. Tangu usiku ule nimekuwa nikikusanya karatasi za filamu hiyo kidogo kidogo, zaidi zile kadi za inchi 11 kwa 14 zilizokuwa zinapangwa kwenye ukumbi wa kuingilia sinema. Nililokosa ni bango lenyewe, la inchi 27 kwa 41. Nimelitafuta kwa miaka sita.

Basi huyu bwana akaja nalo. Alisema alinunua mzigo mzima kwa mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa na jumba la sinema. Alitaka 1,500, tukashushana hadi 1,150. Bango halisi la filamu hii likiwa katika hali nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola, na mimi nalijua soko hilo. Nilikuwa nimelitamani mno, ndiyo sababu niliamua kuamini.

Picha alizonituma zilipigwa kwa mbali, bango likiwa ndani ya fremu, nyuma ya kioo. Nilipoomba picha ya kona ya chini kulia, akasema fremu imegandia, ikifunguliwa karatasi itachanika. Nilipoomba kulipa kwa njia ambayo mnunuzi analindwa, akasema makato ni makubwa, tutumiane kama ndugu. Pesa ikishapita njia hiyo hairudi, na kweli haijarudi.

Dalili nyingine naitaja kwa uchungu zaidi, maana niliiona kabla sijalipa. Alinitumia picha ya bango la pili la filamu hiyo hiyo, eti toleo la Uingereza, dola 900. Lilikuwa limesimama wima na limeandikwa Out of the Past kwa herufi kubwa. Uingereza filamu hii ilitoka kwa jina la Build My Gallows High, ambalo ndilo jina la riwaya iliyoizaa. Tena mabango ya kawaida ya sinema za kule yamelala, inchi 30 kwenda juu na 40 kwa upana. Nilijiambia huenda kijana amekosea tu kulieleza. Hapana. Mtu mwenye mzigo wa kweli huwa na majina yanayolingana na nchi. Ukionyeshwa bango la Kifaransa la filamu hii, tafuta La Griffe du passé. La Kiitaliano litasema Le catene della colpa. Hakuna kifaa chochote unachohitaji kwa ukaguzi huo, ni kusoma tu.

Sasa bango lenyewe. Nililitoa kwenye fremu (haikuwa imegandia hata kidogo) nikaliweka juu ya shuka safi. Urefu wake inchi 40. Inchi moja haipo, na iliyokosekana ni ile ya chini, ambako ndiko kuna maandishi yenye maana. Kuanzia 1940 mabango mengi ya Marekani yalisambazwa na National Screen Service, na chini yake kuna mstari mdogo unaosema ni mali yao, lirudishwe baada ya filamu kuonyeshwa. Ndiyo maana yaliyobaki ni machache. Yalikodishwa, yakarudishwa, yakatundikwa tena kwingine mpaka yakachakaa. Kona ya chini kulia kuna namba inayoanza na mwaka, kwa filamu hii 47, kisha mkwaju (/), kisha namba ya filamu. Ukikuta herufi R mbele ya mwaka, hilo ni toleo la filamu iliporudishwa sinema baadaye. Bado ni karatasi ya zamani na ina thamani yake, ila si la 1947 na bei yake si hiyo. La kwangu halikuwa na mstari wala namba. Nilipomuuliza alijibu kwamba mwenye sinema alilipunguza ili litoshe kwenye fremu. Ni kweli wapo waliopunguza, lakini hawakukata kingo kwa unyoofu ule halafu wakabakiza pambizo jeupe sawasawa pande zote nne.

Mikunjo ndiyo iliyonimaliza. Zamani mabango haya yalifika sinema yakiwa yamekunjwa, mikunjo mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama, vipande vinane. Pale mikunjo inapokutana karatasi huchoka na kutoboka vitundu. Kwenye langu mikunjo yote inaonekana, hata vile vitundu vipo. Nikapitisha ukucha: laini kama kioo. Nikaligeuza nyuma: jeupe, halina mkunjo, halina ule muhuri wa jina la filamu ambao mara nyingi hugongwa mgongoni. Mikunjo ilikuwa imechapwa pamoja na picha.

Nikachukua tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayokagulia noti, nikazima taa. Bango zima liliwaka buluu. Karatasi za siku hizi hutiwa kemikali ya kuzing'arisha, na kemikali hiyo ilianza kutumika kwenye karatasi karibu na mwaka 1950. Karatasi ya 1947 hubaki imefifia chini ya tochi hiyo. Mjue tu kwamba kutong'aa peke yake si ushahidi, kwa sababu mtu anaweza kupata karatasi kuukuu akachapa juu yake. Hapo ndipo kioo cha kukuzia mara kumi kinaposaidia. Angalia yale majina madogo ya wasanii chini. Kwenye bango la asili, herufi hizo zina wino uliojaa na kingo safi. Kwenye nakala iliyopigwa skani, herufi nazo zimevunjika kuwa vidoti, kama picha yenyewe.

Mabango yake mengine anayouza sasa amesema yamebandikwa kitambaa nyuma. Kubandika kitambaa si kosa, mafundi waaminifu hufanya hivyo kuokoa karatasi iliyochoka. Lakini kitambaa kinaficha mgongo, kwa hiyo dai picha za mbele na nyuma zilizopigwa kabla ya kubandikwa. Hana picha hizo, achana naye. Wala sisemi nakala ni dhambi. Wapo wanaoziuza waziwazi kwa dola 20 na watu wanapamba sebule zao kwa furaha. Huyu anauza karatasi ya dola 20 kwa jina la mjane.

Nimeripoti polisi na kwenye mtandao alikotangaza. Wiki iliyopita dada mmoja aliyeko Ulaya alinitafuta, naye kanunua bango hilo hilo kwake. Tulitumiana picha tukazilinganisha. Juu kidogo ya herufi P ya neno Past kuna doa la kahawia, umbo la punje ya maharage. Lake lipo pale pale, ukubwa ule ule. Kuna na mchaniko wa ncha mbili upande wa kushoto, nao unafanana mpaka nyuzi. Hayo ni makovu ya bango moja halisi lililopigwa skani, popote lilipo.

Jana usiku limetoka tangazo jipya, jina la muuzaji ni jingine, bei imeshuka hadi 950, na safari hii mjane amegeuka kuwa babu yake. Nimeikuza picha kwenye simu. Punje ya maharage ipo juu ya P.