Nimekifungua kikosi cha Dodoma Jiji kama redio: mechi zenye pointi siyo zile mnazojaa uwanjani

Mbukwenyi! Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa, Bahi, mpaka Manyoni kule. Na wewe uliyehamia na wizara yako ukapanga Ilazo, karibu, umeshakuwa mwenyeji. Mkisikia kitu kinakwaruza kwenye maiki, simu yenu haijaharibika. Ni upepo. Mkazi wa Dodoma analipa kodi ya nyumba, upepo unakaa bure.

Mmezoea nikikaa kwenye meza hii nafungua boksi. Juzi ilikuwa spika, kabla yake feni ya kuchaji. Leo meza tupu, ipo hii jezi tu, na hii siichambui, naivaa. Kuna mtazamaji aliniandikia, "Fundi, redio ya elfu thelathini unatuchambulia dakika ishirini, timu ya mji wako unaikimbia." Iliniingia. Basi leo bidhaa ni kikosi cha Dodoma Jiji, Walima Zabibu wenyewe. Tunafungua nyuma, tunaangalia waya, halafu tunawasha tusikie kama inapiga au inakoroma. Alama natoa kwa zabibu, kumi ndiyo shada zima.

Sharti moja. Wachezaji waliopo kikosini sasa hivi siwataji majina. Siyo woga... sawa, ni woga kidogo. Dodoma hii ni ndogo. Nikimsema beki hapa Jumatatu, Jumanne nakutana naye Sabasaba anachagua nyanya, tunaanza kuangaliana. Nitataja namba, wanaojua watajua.

Tuanze na kipa, na kipa sina maneno mengi. Anadaka. Mpira wa juu anatoka, anapiga kelele, mabeki wanamsikia. Zabibu saba, tusonge.

Mabeki wa kati ndipo ninapotaka tukae. Mabeki wetu siyo wabovu, sikilizeni vizuri. Wakisimama kwenye boksi lao, krosi zikija wanaruka, wanaondoa, unapiga makofi. Shida inaanza timu ikipanda. Kiungo mkabaji, yule namba sita, anapanda na wenzake, mabeki wanabaki nyuma kule kama wanalinda shamba, na katikati yao pale panabaki uwanja wa kuanikia mtama. Timu yenye kiungo mmoja tu anayejua kugeuka na mpira inakuumizia hapohapo. Hauhitaji Simba kuliona hilo pengo, hata timu inayopigania kubaki inaliona. Kwenye redio tunaita waya umelegea: kila kifaa kizima, ukigusa kava sauti inakatika. Dawa yake siyo kununua beki mpya. Mabeki wapande hatua kumi, au namba sita abaki. Kimoja kati ya hivyo. Vyote viwili hatufanyi. Zabibu tano, na moja kati ya hizo ni ya huruma.

Mabeki wa pembeni wanakimbia sana, krosi zao ndiyo zinaenda kwa muuza karanga. Nimemaliza.

Sasa mbele. Kila nikikaa kijiweni naambiwa, "Fundi, hatuna namba tisa." Ndugu zangu, timu hii ni ya Jiji, ni ya halmashauri. Mshambuliaji akianza kutupia mabao hapa, wenye pesa wanamuona siku hiyohiyo. Zidane Sereri si alikuwa wetu? Yuko wapi? Alikwenda Azam. Na simlaumu, mimi mwenyewe nikipata duka Kariakoo mtaniona hapa? Kwa hiyo kila dirisha la usajili ukisubiri namba tisa wa kutuokoa, utasubiri kama mvua ya Septemba. Mabao ya timu kama yetu yanatoka kwenye mipira iliyokufa, kona na faulo za pembeni. Tuna warefu. Tuna mtu mwenye mguu wa kushoto unaojua kazi. Halafu unaona kona tunapiga fupi, watu wawili wanapasiana kwenye kibendera mpaka wananyang'anywa. Hapo huwa nasimama natafuta maji ya kunywa. Mbele nawapa sita, maana tunafika, tatizo tukishafika.

Na pumzi. Betri yetu inakata dakika ya sabini. Hilo silikubali kabisa, kwa sababu sisi ndio tunaoishi hapa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa kavu, jua la saa kumi linachoma kisogo. Anayetoka Tanga amezoea hewa yenye unyevu, akifika uwanja wetu wa Jamhuri midomo inapasuka kipindi cha kwanza. Dakika ya sabini mgeni ndiye anapaswa kushika kiuno, halafu unakuta mwenye nyumba naye ameshika. Benchi la ufundi wana wataalamu wao, mimi ni fundi redio tu, ila macho ninayo.

Haya, nimefunga kava. Tuiwashe. Mechi zinazokuja.

Tarehe sitaji. Ratiba ya ligi yetu mnaijua, leo Jumamosi, kesho utasikia imesogezwa. Nataka tuhesabu tu. Ligi Kuu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30, ukishinda zote una pointi 90. Simba na Yanga unakutana nao mara nne, hizo ni pointi 12. Zinazobaki ni mechi 26, pointi 78. Shikeni hiyo 78.

Msimu wa 2024/25 mnaukumbuka? Septemba Simba walikuja Jamhuri wakatufunga moja, penalti ya Ahoua. Krismasi Yanga wakaja, nne. Machi tukaenda kwa Simba, sita. Juni Yanga tena, Zanzibar, mkono. Jumlisha: moja, nne, sita, tano. Mabao 16 kwenye mechi nne, na sisi hatukufunga hata la kuotea. Ukisikia hivyo utasema timu hiyo ilishuka daraja. Haikushuka! Walioshuka ni Kagera Sugar na KenGold. Waliokwenda kwenye mchujo wa kupigania kubaki ni Prisons na Fountain Gate. Sisi tulikaa nyumbani tunakula mishikaki. Kwa nini? Kwa sababu pointi zetu hazikuwa Msimbazi wala Jangwani. Zilikuwa kwenye zile mechi nyingine, ambazo ukipita uwanjani unaweza kumhesabu shabiki mmoja mmoja mpaka ukamjua kwa jina.

Hapa nina neno, na naanza kujisema mwenyewe.

Mimi Yanga niliirithi. Baba alikuwa na redio ya mbao, siku ya mechi hakuna kupiga kelele nyumbani. Hiyo haifutiki. Basi ile Krismasi ya 2024 nikasema leo nakwenda Jamhuri na mwanangu, tumevaa jezi za Dodoma Jiji, yake inamfika magotini. Jukwaa la mzunguko limejaa kijani na njano za Yanga mpaka ukutani. Huyu ni jirani yangu, yule ni mteja wangu, yule tunasali wote. Watu wa Dodoma watupu, na timu ya Dodoma iko ugenini katikati yao. Nikawanunia. Nikasema hawa hawana aibu. Dakika hazikwenda nyingi, Yanga wakafunga. Wanangu, miguu yangu ilisimama kabla ya akili. Nilikuwa nimenyanyua mikono juu! Na jezi ya Walima Zabibu mwilini! Mtoto akanivuta suruali. "Baba, tumefunga sisi?"

Nilikaa. Sikumjibu mpaka tumefika nyumbani.

Kwa hiyo sikuambii uache Simba yako au Yanga yako, siwezi kukuambia nisichokiweza. Nakuambia kitu kidogo. Wewe unayejaza uwanja siku mbili kwa msimu, njoo na siku nyingine tatu. Nakuchagulia mimi.

Ya kwanza, Pamba Jiji wa Mwanza akija hapa. Mtoto wa jiji kwa mtoto wa jiji. Wanakuja wanakaa nyuma, wanapoteza muda, kipa wao anafunga kamba ya kiatu dakika ya ishirini. Mechi ya hivyo bila kelele za jukwaani inakwisha sare, na sare nyumbani na timu ya saizi yako ni kama kuuza zabibu kwa bei ya shamba. Mechi hiyo inataka kona zipigwe ndani, siyo zile za kupasiana kwenye kibendera.

Ya pili, Coastal Union wa Tanga. Hapa ndipo ile habari ya jua la saa kumi. Wakimbizeni kipindi cha kwanza, msiwape mpira wapumzike. Nikiona tunaanza taratibu kwenye mechi hiyo nitazima simu.

Ya tatu, Mashujaa. Hii naiogopa zaidi ya Azam. Wale wa Kigoma hawana haraka, wanakaba kama wamelipwa kwa kila faulo, halafu wanakufunga kwa kichwa dakika ya themanini, betri yetu ikiwa nyekundu. Na lile pengo la kuanikia mtama wanalijua. Namba sita akipanda hovyo siku hiyo, naomba mtu wa benchi amfunge kamba.

Ugenini sina mengi. Dar tunakwenda mara tano, kwa Simba, Yanga, Azam, KMC na JKT. Kwa KMC na JKT nataka pointi, angalau nne. Na shabiki hana sababu ya kulalamika umbali, treni ya SGR ipo tangu 2024, unapanda asubuhi hapa, mchana uko Dar unatafuta samaki. Mbeya ni safari mbili, Prisons na Mbeya City, kule sare nainywa kama chai. Kigoma vilevile. Ruangwa kwa Namungo, hapo naomba tu vijana waende salama warudi salama. Februari 2025 basi la timu lilipata ajali mkoani Lindi likitoka huko, wachezaji wakaumia, mechi iliyokuwa inafuata ikaahirishwa. Tangu siku hiyo, timu ikitoka Ruangwa mimi silali mpaka nisikie wamefika. Matokeo nauliza baadaye.

Kuna kijana hapo chini ataandika, "Fundi, kubaki Ligi Kuu tu ndiyo furaha yako?" Kijana, wewe mwaka 2012 ulikuwa wapi? Polisi Dodoma waliposhuka mwaka ule, mji huu ulikaa bila timu ya Ligi Kuu mpaka 2020, Dodoma Jiji ilipopanda na kocha Mbwana Makata. Miaka minane. Makao makuu ya nchi! Mawaziri wanahamia, barabara zinajengwa, jina la jiji tumepewa 2018, Jumamosi ikifika hakuna mpira wa maana wa kuangalia, unajaa kibanda umiza kuangalia Arsenal na feni haizunguki. Mimi nilikuwepo. Ndiyo maana nafasi ya kumi na mbili hainikeri. Ya kumi na tatu inanikeri, kwa sababu ya kumi na tatu na ya kumi na nne ni mchujo, na mchujo siutaki hata kwa adui yangu wa Singida.

Lile la uwanja mpya wa Nzuguni mnaniuliza kila video. Unajengwa, nafurahi. Ila ukiwa mkubwa na sisi tuko walewale mia tatu, tutakuwa tunaitana kwa simu.

Jumla ya bidhaa? Kipa saba, nyuma tano, mbele sita, pumzi nne, na hiyo nne nimeikuna kichwa kuipata. Je, nunua au acha? Mimi nimeshanunua, garantii haina, risiti nimepoteza. Fundi wa kurekebisha huo waya wa namba sita akipatikana mapema, tunamaliza wa tisa, wa kumi. Asipopatikana, tutakuwa na kikokotoo mkononi mwezi wa tano.

Wiki ijayo tunarudi kwenye feni, kuna mbili nimeletewa, moja inazunguka kinyumenyume, mtaicheka. Jumamosi nafunga duka saa tisa, nipo mzunguko, upande wa jua kwa sababu wa kivuli pochi haikubali. Ukiniona nisalimie, karanga zipo. Na...

Subirini, kuna mteja mlangoni. Ingia, kaka, karibu. Redio yako tayari, nimebadilisha swichi. Eeh, inapiga vizuri. Jumamosi? Kusikiliza nini? ... Anasema anaitaka kabla ya Jumamosi, Simba inacheza. Kaka, Jumamosi hiyohiyo kuna mechi Jamhuri hapo, unatembea kwa miguu. ... Mmemsikia? Ameniuliza, "Kwani anacheza nani?"