Kupatana Bei ya Farasi Mchanga: Kabla ya Daktari au Baada?
Ukipatana bei kabla ya ukaguzi, unajua mapema kama mnaelewana. Hulipi daktari wa mifugo kwa farasi ambaye muuzaji hatamtoa kwa fedha ulizo nazo, na gharama hiyo kwa kawaida ni ya mnunuzi, hata akighairi. Kwa upande wa mfuko, njia hii inashinda.

Kwa upande wa uhakika, kusubiri majibu ya daktari ni bora, hasa kwa farasi mchanga. Mifupa yake bado inakua. Ile ya uti wa mgongo hukomaa akiwa na miaka 5 au 6 hivi. Picha za eksirei zaweza kuonyesha kasoro za viungo hata kama anatembea vizuri. Hapo unaomba upunguziwe bei ukiwa na ushahidi mkononi. Lakini usimbane muuzaji kwa kila doa dogo: ni kumvunjia heshima, na mnunuzi mwingine atamchukua farasi huyo.

Mwenye fedha kidogo apatane kwanza, na waandikiane kwamba arbuni itarudishwa iwapo ukaguzi utafichua tatizo kubwa. Anayetafuta farasi wa mashindano asitaje bei kabla ya kuona picha.