TAHADHARI: Kuna mtu Nanyuki anauza "trela za jeshi" ambazo jeshi halijawahi kuziona

Wandugu wa Land Rover, hasa nyinyi mnaoniuliza kila wikendi trela imefika wapi: hakuna trela. Kuna vipande vya pipa, fila (ule udongo wa kuziba mabonde ya bodi) na rangi ya kijani. Nimeliwa shilingi 185,000 na mtu aliyenikaribisha chai kwake, na ninaandika leo kwa sababu jana nimeona ametangaza nyingine. Picha mpya, maneno yale yale.

Mnajua nilivyoitafuta Sankey, ile trela ya jeshi ya kuvutwa na Land Rover. Ile Land Rover Series III ya mzee imesimama uani ikingoja mwenzake, na nilitaka trela halisi ya jeshi la Uingereza, niivue rangi mwenyewe hadi kwenye chuma, nibadilishe beringi, niirudishe ilivyotoka kiwandani. Ya kuchongewa jua kali sikuitaka. Ningetaka hiyo ningeenda kwa fundi wangu pale karibu, angenitengenezea nzuri kwa nusu ya pesa hizo na angeniambia ukweli.

Sasa msikie jinsi huyu mtu alivyofanya kazi yake. Nilifika jioni, mvua imetoka kunyesha. Trela ilikuwa chini ya mti, magurudumu yote mawili yakiwa yamefungwa, magurudumu ya Land Rover kabisa, nati 5. Hakunisukuma ninunue. Alichukua kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya taa, akachuchumaa, akaanza kufuta kibati cha maelezo pole pole mpaka maandishi ya GKN Sankey yakatokea na ule mshale wa serikali ya Uingereza. Akaniambia, "Soma mwenyewe, kaka, usinisikilize mimi." Kisha akanipa tepu nipime pete ya kuvutia trela. "Ya NATO ni milimita 76 ndani." Nikapima, ikawa 76 kamili. Akanionyesha soketi ya umeme, akanihesabia pini 12, akanieleza kwamba Land Rover nyingi za redio jeshini zilitumia volti 24, kwa hiyo nikishaivuta na yangu ya volti 12 taa zake zitafifia nisipobadilisha balbu. Yote hayo ni kweli! Nenda kapekue popote, ni kweli. Mtu akikueleza mambo kumi na yote kumi ni sahihi, la kumi na moja utalikataa kwa msingi gani?

Na Nanyuki ni Nanyuki. Waingereza wana kituo chao cha mazoezi pale, na huku kila mtu anamjua mtu mwenye hema au kitanda cha chuma kilichotoka kwao. Trela ya Sankey kuonekana Nanyuki si ajabu. Ingekuwa Lodwar ningeuliza maswali.

Breki niliijaribu pia, kabla hamjaniuliza. Hizi trela zina breki inayojifunga yenyewe: gari likipunguza mwendo, trela inalisukuma kwa mbele, shafti ya pete inaingia ndani na kubana breki. Nilisukuma kwa mguu, haikusogea. Akasema imeshikwa na kutu kwa kukaa muda mrefu, niimwagie dizeli niiache ilale. Jambo hilo lipo, zikikaa nje hushika. Nililipa malipo ya kwanza kwa simu palepale, na salio lori lilipoishusha kwangu.

Nimeanza na kona ya mbele kushoto. Grainda ilipogusa tu, vumbi lililotoka si la chuma. Lilikuwa jeupe lenye uwaridi, laini, likijaa puani. Fila. Nikakwangua kwa bisibisi, ikazama, unene wa kidole changu cha shahada. Chini yake nikakuta bati la pipa la mafuta, mbonyeo wa pipa ukiwa umepondwa kwa nyundo, na herufi nyekundu za kampuni ya mafuta bado zinasomeka. Binti yangu alikuwa ameshika msasa akingoja zamu yake. Nilimwambia aingie ndani.

Magurudumu ndiyo yaliyonitoa jasho. Ya Land Rover, ndiyo, lakini nyuma yake kuna sahani ya chuma iliyochomelewa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) ya pikapu ya nati 6. Mashimo yametobolewa kwa mkono, mawili yamekuwa ya yai, na uchomeleaji umepasuka tayari upande mmoja. Ningepakia maji na kuni za kambi na watoto wako mbele kwenye gari. Huu si wizi wa pesa tu, huyu mtu anaua. Shafti ya breki nayo haikuwa na kutu yoyote; imechomelewa, imepakwa rangi juu. Soketi ya pini 12 ni halisi, ila nyuma yake nyaya zimekatwa, haziendi popote. Kibati cha maelezo kina ribiti mpya zinazong'aa zikishafutwa rangi.

Namba ya usajili, ile ya kuanzia na Z, nilipoitafuta kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri, ikatoka ni ya trela ya lori refu, ya mtu mwingine kabisa. Nilipompigia alisema nimpe hadi Jumatatu. Sasa simu yangu haipokei.

Mniambie kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatosha? Kupata mali kwa udanganyifu, kifungo miaka 3. Mtu anayeunganisha habu kwa uchomeleaji wa kuvunjika na kuwauzia watu wenye familia anastahili zaidi ya hapo. Nataka afikishwe mahakamani, vifaa vyake vya kuchomelea vichukuliwe, na kila shilingi irudi. Wanaosema "samehe, ni maisha" wasije kwenye posti yangu.

Anayekwenda kuangalia trela yoyote ya jeshi abebe sumaku. Mahali haishiki, ni fila. Atoe gurudumu moja aone habu, atake logbook kabla ya pesa. Mwenye trela akikataa gurudumu lisifunguliwe, ondoka.

Hiyo anayouza sasa ina namba nyeupe za jeshi ubavuni. Yangu ina namba hizo hizo, tarakimu kwa tarakimu, na picha zote mbili ninazo. Kama umeshamtumia malipo ya kwanza, niandikie leo. Nina namba ya OB, yaani ya ripoti yangu polisi, na Jumatatu narudi kituoni, twende pamoja.