Kutembea kando ya Oudegracht, Utrecht: uzoefu wangu

Wageni wengi wanaofika Uholanzi hukimbilia mifereji ya Amsterdam, na kweli ni mizuri. Lakini ndugu au rafiki akiniuliza aende wapi kuona mfereji wa kale na nyumba zake, kwa miguu, kwa siku moja, namwambia apande treni aende Utrecht. Kutoka Amsterdam Centraal ni chini ya nusu saa, na treni zinafuatana mchana kutwa. Tiketi ya karatasi si lazima: gusisha kadi ya benki kwenye geti unapoingia, na uguse tena kwa kadi ileile unapotoka. Ukishuka, toka upande wa mjini, pita katikati ya maduka makubwa yaliyoungana na kituo, na kwa mwendo wa kawaida baada ya dakika kumi hivi uko kwenye Oudegracht.

Mfereji huu una ghorofa mbili, na hapo ndipo unapoishinda Amsterdam. Juu kuna barabara, baiskeli na milango ya maduka. Chini, karibu na maji, kuna gati jembamba linalokwenda sambamba na barabara, lina miti, na ukutani mwake kuna milango ya maghala. Kila ghala linapita chini ya barabara mpaka chini ya nyumba iliyo ng'ambo ya barabara. Yaani unapotembea juu, unatembea juu ya vyumba vya watu.

Chanzo chake ni biashara. Mwaka 1122 mto Rhine ulizibwa huko Wijk bij Duurstede, na mji uliokuwa ukiishi kwa mashua ukaogopa kukosa maji. Wakachimba kuelekea kusini hadi mto Hollandse IJssel ili mashua ziendelee kuingia. Maji yalikuwa chini sana kuliko barabara, na wenye nyumba wakaona faida katika tofauti hiyo: wakajenga gati chini, wakachimba handaki kutoka gati mpaka nyumbani, na pipa la divai likateremshwa kutoka mashuani likaviringishwa moja kwa moja mpaka ghalani bila kugusa barabara. Mamia ya maghala hayo bado yapo. Mengine ni migahawa, mengine karakana za mafundi, mengine ofisi, na baadhi watu wanaishi humo.

Ushauri wangu ni kuanzia kaskazini, kwenye lango la maji la Weerdsluis, ambako watalii ni wachache. Lango hili ndilo lenye ile kengele ya samaki iliyoanza mwaka 2021. Majira ya kuchipua, samaki wanaosafiri kwenda kutaga hufika hapo wakakuta lango limefungwa. Jiji likaweka kamera chini ya maji, na mtu yeyote duniani mwenye intaneti akimwona samaki anasubiri, anabonyeza kengele ili mlinzi wa lango ajue wa kumfungulia. Nimemwonyesha mpwa wangu aliye Dar es Salaam, na sasa yeye ndiye ananikumbusha msimu ukifika.

Kutoka hapo fuata maji kuelekea kusini. Ukifika Oudaen simama. Ni nyumba ya mawe ya karne ya 13, imejengwa kama ngome, ina minara midogo kwenye pembe na ukuta mnene, kwa sababu matajiri wa wakati huo walipigana wao kwa wao na kila ukoo ulitaka mahali pa kujificha. Leo ni mgahawa na kiwanda kidogo cha bia. Hatua chache mbele kuna Drakenburg, nyingine ya aina hiyo. Ukishaziona hizi mbili, jicho linaanza kuelewa zile nyingine. Nyumba nyingi za Oudegracht zina uso wa karne ya 18 au 19, madirisha marefu na lipu safi, kumbe nyuma ya uso huo ukuta ni wa zama za kati. Palipo na kichochoro, chungulia ukuta wa ubavuni: ndipo matofali makubwa ya kale yanapoonekana.

Kisha unakutana na Winkel van Sinkel, duka kubwa lililofunguliwa mwaka 1839. Mbele yake kuna sanamu nne za wanawake za chuma cha kuyeyushwa, zimebeba ukumbi vichwani. Ziliagizwa Uingereza, zikaja kwa maji, na wakati wa kuzishusha kreni ya mji ikashindwa na uzito ikaangukia mferejini. Kwa mtu wa pwani aliyeona mizigo ikishushwa bandarini, hicho si kisa cha kitabuni.

Usiangalie juu tu. Chini ya taa za barabarani, kwenye ukuta wa mfereji, kuna mawe yaliyochongwa: mnyama, fundi kazini, kisa cha mtaa. Wengi hupita bila kuyaona kwa sababu yanaonekana vizuri ukiwa gatini au ndani ya mashua. Mimi nilipoteza muda mrefu kwa furaha nikitafuta jiwe linalofuata.

Mnara wa Dom utauona kila unapogeuka. Una mita 112 na hakuna mnara wa kanisa mrefu zaidi katika Uholanzi nzima. Umesimama peke yake, mbali na kanisa lake, kwa kuwa mwaka 1674 dhoruba iliangusha sehemu ya kati ya kanisa na haikujengwa tena. Kupanda ni ngazi 465 pamoja na kiongozi, kwa tiketi ya muda maalumu, na siku za mapumziko tiketi huisha mapema. Ukiwa na nguvu za miguu, panda. Ukiwa juu ndipo unapoona jinsi mfereji unavyopinda, kwani kwa sehemu unafuata njia ya mto wa zamani.

Kusini mwa mnara makelele yanapungua, na kwangu hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote. Kwenye mawe ya barabara kuna shairi linalochongwa herufi moja kila Jumamosi, jiwe moja herufi moja. Kazi hiyo ilianza mwaka 2012, na nia yao ni kwamba lisiwe na mwisho: washairi wanapokezana na wachongaji wanapokezana. Fundi huanza saa saba mchana, na kabla ya saa nane herufi ya wiki imekwisha. Nilisimama na wapita njia wachache nikimwangalia. Alipomaliza alipangusa vumbi kwa brashi, akazungumza na watoto waliokuwa wakimuuliza maswali, akakusanya patasi zake.

Nimezaliwa na kulelewa Mji Mkongwe, Unguja, kwa hiyo siwezi kutembea penye nyumba za kale bila kuhesabu nyufa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka, na sisi tuliokua tukiiona kila siku tulilia kama tumefiwa. Ndiyo maana Utrecht sikutazama uzuri tu, nilitaka kuona wanaishije na uzee wa nyumba. Nilichokiona ni kwamba wanazitumia, na wanakubali kujinyima ili ziendelee kutumika. Magari mazito hayaruhusiwi kupita ovyo juu ya maghala. Migahawa ya gatini inapelekewa bia na vyakula kwa mashua ya umeme ya jiji, inayofanya kazi hiyo tangu 2010. Na kuta za mfereji zinakarabatiwa kipande kwa kipande, jambo ambalo kwa mgeni ni kero: huenda ukakuta sehemu ya gati imezungushiwa uzio na ukalazimika kupanda juu. Mimi kero hiyo naipokea kwa mikono miwili.

Wamekosea pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikausha sehemu ya Catharijnesingel, mfereji uliozunguka mji wa kale, wakapitisha barabara kubwa ya magari. Mwaka 2002 wananchi wakapiga kura kuhusu eneo hilo la kituo, na Septemba 2020 maji yakarudishwa. Unaupita ukitoka kituoni, na leo watu wanapiga makasia mahali magari yalipokuwa yakinguruma. Kwetu nako maji ya bahari yalikuwa yakiingia mpaka Darajani kabla hayajafukiwa, na wazee wetu bado wanayasimulia.

Jambo jingine lisifichwe: sehemu ya utajiri wa miji hii ya Uholanzi ilitokana na utumwa. Februari 2022 meya Sharon Dijksma aliomba radhi hadharani kwa niaba ya jiji la Utrecht. Anayetoka mji wenye soko la watumwa la Mkunazini hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo, na ningependa kuona vibao vingi zaidi vinavyolisema wazi pale pale penye nyumba zinazohusika.

Sasa mambo ya miguu na tumbo. Nilikwenda na shangazi yangu, ambaye goti linamsumbua. Ngazi za kushukia gatini ni za mawe, zimesimama sana, na mvua ikinyesha zinateleza. Alishuka mara moja, akaketi, akaniambia, "Mwanangu, nenda ukazunguke, mimi nipo hapa." Mwenye kiti cha magurudumu atafaidi barabara ya juu tu. Ukiwa na watoto wadogo washike mkono, kwa kuwa sehemu kubwa ya gati haina kizuizi chochote upande wa maji. Juu hatari ni baiskeli: haziji kwa kengele, zinakuja kwa kasi.

Tulichukua pia safari ya mashua ya kampuni moja ambayo siitaji. Maelezo yalikuwa ya kurekodiwa, sauti inakatika, na tulipitishwa haraka penye mawe yale ya kuchongwa bila neno hata moja. Shangazi alifurahi kupumzisha goti, lakini mimi nisingeilipia tena. Anayeweza kupiga makasia akodi mtumbwi, asimame anapotaka.

Migahawa ya gatini ni ghali na ukikaa unalipia mandhari. Kunywa chai hapo, chakula ule kwingine. Upande wa pili wa kituo, mtaa wa Lombok, kuna barabara ya Kanaalstraat yenye maduka na vyakula vya Kituruki na Kimoroko, halali na kwa bei nafuu, na msikiti wa Ulu wenye minara miwili uko karibu kabisa na reli. Tuliswali hapo na kupokewa vizuri.

Siku bora ni Jumamosi, hata kama mchana watu hujaa. Nenda asubuhi Breedstraat kwenye soko la vitambaa, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1597. Shangazi alisahau goti lake hapo. Uholanzi na sisi tunajuana kwa vitambaa, maana kanga nyingi za bibi zetu zilipigwa chapa Helmond. Kisha pita kwenye maua ya Bakkerbrug, halafu uwahi herufi saa saba.

Ukibakiwa na saa moja, usirudi njia uliyojia. Katiza mpaka Nieuwegracht, uliochimbwa mwishoni mwa karne ya 14. Nao una gati na maghala, lakini hauna migahawa iliyopangana wala kelele, na unaweza kutazama nyumba moja kwa muda mrefu bila kumzuia mtu njia. Vaa viatu vya soli ngumu, mawe ya hapo hayako sawa.