Kifaa cha kuziba kioo cha gari: kabla hujalipa, uliza kilianikwa wapi

Msikinunue. Hilo nalitanguliza. Huenda nikajirudi nikiendelea kueleza, kwa kuwa makosa yote si ya kifaa chenyewe, lakini kile kilichotundikwa dirishani mwa duka la spea, kikapigwa na jua la Malindi kutwa, msikinunue hata kwa nusu bei.

Mimi naendesha Noah. Asubuhi nabeba walimu kwenda Mambrui na Gongoni, jioni nawarudisha mjini. Anayeijua barabara ile ya Garsen anayajua malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni, na anajua kwamba ukiwa nyuma yake huna la kufanya ila kuomba Mungu. Kokoto iliruka, ta!, ikanigonga kioo cha mbele upande wa abiria. Ikaacha kitundu chenye miguu mitatu mifupi, chote hakifiki ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Hakikuwa mbele ya macho ya dereva wala karibu na ukingo. Jeraha la namna hiyo ndilo hasa linalozibika. Kioo cha mbele si kimoja, ni viwili vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati, na jiwe kama lile huvunja cha nje tu. (Vioo vya milangoni ni habari nyingine. Vile vikipasuka humwagika vipande vidogo vidogo, hakuna gundi itakayovirudisha.) Nilibandika selotepu palepale ili vumbi na unyevu visiingie, maana tundu likishaingia uchafu halizibiki vizuri tena. Siku hiyohiyo nikaenda kununua kifaa. Duka silitaji.

Vilivyomo ndani ya boksi sivielezi, vimechorwa vyote juu yake. Ugomvi wangu ni kichupa cha gundi. Gundi hii haigandi kwa kukaa hewani, huganda kwa miale ya urujuanimno, ile iliyomo kwenye jua. Ndiyo maana kazi hufanywa kivulini: hewa huvutwa kwanza itoke tunduni, gundi ikasukumwa ndani, ikavutwa tena, ikasukumwa tena, mpaka ijaze kila mguu wa ufa. Ikishajaa ndipo gari hutolewa juani. Ukitanguliza jua umeharibu.

Nilifanya kazi yangu jioni, chini ya mwembe wa jirani, kioo kimepoa. Nikafungua kichupa. Gundi ambayo yatakiwa iwe nyepesi, ipenye mahali hata unywele haupiti, ilitoka nzito kama uji uliolala. Tone la kwanza lilikwama kwenye bomba. Nikasukuma, likaja donge. Liliziba mdomo wa tundu juu juu tu, na chini, ukitazama kwa ubavu, unaona weupe wa hewa umebaki vilevile. Kulitoa haliwezekani, na maadamu mdomo umezibwa, hakuna gundi nyingine itakayoingia tena. Kwa maneno mengine kile kifaa kiliua tundu ambalo lingepona.

Kesho yake, hata daraja la Sabaki hatujalifikia, mguu mmoja wa ule ufa ukaanza kutembea. Walimu wote waliuona. Barabara ina matuta, jua lilikuwa la kaskazi, na mimi baridi ya gari sikuiwasha kabisa, maana kioo chenye moto nje kikipigwa baridi kwa ndani ndipo kinapopasuka mbio. Haikusaidia. Wakati wa kurudi mjini ufa ulikuwa umefika ukingoni, na ukifika ukingoni hakuna fundi atakayekwambia tuzibe, ni kubadilisha. Bima yangu ni ya mtu wa tatu, haigusi kioo. Nilikinunua kipya kwa pesa niliyokuwa nimeiweka ya matairi.

Sasa nisikilizeni habari ya dukani, maana hilo la kioo nilikwisha kulimeza, hili halijapita kooni.

Nilirudi na boksi, risiti na kichupa. Nikatoa salamu. Kijana yule, umri wa mwanangu wa pili, hakuitikia. Hakuinua hata uso kutoka kwenye simu. Mtu mzima anaingia dukani kwako, mjini Malindi, anakutolea salamu, wewe unamwacha amesimama? Nikaweka vitu juu ya kaunta.

"Nani kakitumia?" akauliza.

"Mimi."

"Mwenye gari yuko wapi?"

"Ndiye anayesema nawe."

Akacheka, akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja plagi: "Haya mambo si wangemwachia baba watoto." Yule mteja aliona haya kwa niaba yake, akatazama chini.

Nikafungua kichupa mbele yao, nikakipindua. Hakikudondosha kitu. Nikamwambia, mwanangu, hii imeganda kabla sijaigusa. Akanijibu: "Umeiacha juani, mama. Gundi hii jua ndilo linaloigandisha." Na nyuma yake, kwenye dirisha linalotazama mashariki, vifaa vilevile vimetundikwa safu nzima, boksi zimepauka rangi upande mmoja kwa jua! Kwa hiyo anajua. Si mjinga wa mali yake. Anajua jua linaifanya nini gundi ile, na bado ndipo anapoianika, kisha anamwambia mnunuzi kwamba kosa ni lake. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema hayo ni maonyesho tu, yanayouzwa yako ndani. Uongo. Changu alikitungua palepale kwa fimbo, macho yangu yakiona.

Risiti imepigwa muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na muhuri wako hauwezi kuifuta. "Basi nenda kwa Katiba ikurudishie pesa," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Wallahi nilitetemeka. Nimelea watoto kwa usukani huu.

Kioo kipya nacho hakikukaa sana kabla ya kupata kokoto yake, barabara ni ileile. Safari hii mpwa wangu aliniletea kifaa kutoka Mombasa. Boksi lilelile, mtengenezaji yuleyule, ila kilitolewa ndani ya droo. Gundi ilitiririka. Nilivuta hewa, nikasukuma, nikaona kwa macho yangu miguu ya ufa ikitoweka mmoja mmoja, maana gundi hii ikijaa hupitisha mwanga karibu sawa na kioo chenyewe. Nikafunika kwa kile kijiplastiki, nikalitoa gari juani, kisha nikaparua ya ziada kwa wembe. Nilifurahi mpaka nikamwita jirani atoke aone. Doa dogo limebaki, ukilitafuta utaliona, na anayesema halionekani kabisa anawadanganya. Lakini ufa haujasogea, na nimepita Sabaki nao asubuhi na jioni.

Basi kinunueni. Ni kizuri, bei yake si kitu ukilinganisha na kioo kipya, na tundu dogo kama langu mtu yeyote mwenye mkono mtulivu analiziba mwenyewe. Nakipa tano kwa tano.

La. Nne. Kwa nini mtengenezaji anatia gundi inayogandishwa na mwanga ndani ya kichupa cheupe kinachopitisha mwanga? Kichupa cheusi kingemgharimu nini? Na kwa nini tarehe ya mwisho ya kutumia haipo, si juu ya kichupa, si kwenye boksi? Nikifikiria hilo, na nikifikiria kioo changu cha kwanza, hata nne ni nyingi. Tatu. Anayetengeneza kitu cha kuuzwa kwenye nchi za jua anapaswa kujua kuna jua.

Mkienda kununua, mwambieni muuzaji afungue boksi kabla hamjalipa. Kiinamisheni kichupa polepole, kipovu cha hewa kikimbie upande wa pili. Kikisita au kikikwama, kirudisheni mezani. Akikataa kufungua, tokeni. Ufa wenu ukipita sentimita 15, au ukiwa mbele ya macho ya dereva, msihangaike na vifaa hivi, mtafuteni fundi wa vioo.

Na yule kijana, ikiwa anasoma: pesa ya gundi nakudai, pesa ya kioo nakudai, na salamu yangu hujaiitikia.