Wasifu wa Biashara wa Google kwa anayeuzia nyumbani Tanga: uzoefu wangu

Biashara yangu ni viungo vya pilau, achari ya embe na ubuyu, vyote vinatoka nyumbani hapa Tanga mjini, na tovuti ninayo. Kama unajiuliza tovuti inatosha kuleta wateja, nitangulize jibu: kwa wateja wa karibu, tovuti peke yake haijanisaidia sana. Kilichowaleta ni Wasifu wa Biashara wa Google, kile kisanduku chenye jina, simu, picha na nyota kinachojitokeza mtu akitafuta kitu kwenye Google au kwenye Ramani. Hakilipiwi. Naupa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya zoezi la uthibitisho, na hilo nitalieleza kwa kirefu maana ndipo wengi wanapoishia njiani.

Kwanza ujue kama unaruhusiwa. Wasifu huu ni wa biashara inayoonana na mteja ana kwa ana ndani ya saa ilizotangaza, ama yeye anakuja kwako, ama wewe unampelekea. Anayeuza mtandaoni tu, mzigo anaupakia basi pale stendi ya Kange na mteja hamjui sura, hastahili kuwa nao. Anayepeleka mwenyewe oda mlangoni kwa mtu Chumbageni au Raskazone anastahili. Wanaolazimisha bila kustahili huufungua vizuri tu, halafu unasimamishwa baadaye, wakati namba na maoni ya wateja vimeshazoeleka humo.

Kama nyumbani huna kibao wala duka la mbele, na hupendi watu wasiokujua wabishe hodi saa tatu usiku, usiionyeshe anwani. Weka eneo la huduma badala yake. Unaruhusiwa kutaja maeneo hadi 20, na Google inataka mpaka wake usizidi mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka ulipo. Kwa hapa kwetu jiji lote linaingia, Muheza inaingia, Pangani inaingia. Dar es Salaam, karibu kilomita 350, haiingii. Nimeona watu wakiiandika kwa tamaa, na haiwasaidii kitu: Google yenyewe inaeleza kwamba matokeo ya karibu hupangwa kwa kuangalia kama biashara inahusiana na kilichotafutwa, umbali wake, na jinsi inavyojulikana. Kuandika Dar kwenye eneo la huduma hakuihamishi nyumba yako kutoka Makorora. Mteja wa Dar atafutwe kwa tovuti. Ubaya wa kuficha anwani ni kwamba hupati ile alama nyekundu juu ya ramani. Unatokea kwenye orodha tu. Kwangu si hasara kubwa, ila kwa mwenye kibanda cha barazani ningemshauri aache anwani ionekane.

Hata ukiificha, wakati wa kujisajili anwani halisi inatakiwa. Sanduku la posta halikubaliwi, kwa hiyo ile tabia yetu ya kuandika S.L.P. kila mahali iache. Tumia anwani ya makazi kama ilivyo: namba ya nyumba, jina la barabara, kata, postikodi. Ngamiani wana nafuu kwa kuwa barabara zao zina namba. Kisha washa mwonekano wa setilaiti uivute alama hadi ikae juu ya bati lako mwenyewe. Ukiiacha ilipoangukia, huenda iko kwa jirani wa mtaa wa pili, na video ya uthibitisho itagongana nayo.

Jina liwe lile lililo kwenye lebo na kwenye cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, basi. Mtindo wa kuandika jina la biashara halafu kuongeza "pilau masala jumla na rejareja bei nafuu Tanga" unakatazwa, na ni sababu ya wazi ya kusimamishwa. Maneno hayo yana mahali pake, kwenye maelezo ya biashara, ambako unapewa herufi 750. Humo linki haziruhusiwi. Kundi la biashara ndilo la kufikiria zaidi. Unachagua moja kuu na mengine hadi tisa, lakini lile kuu ndilo lenye nguvu. Muuza viungo achague duka la viungo. Akichagua duka la vyakula kwa kutaka upana, anajiingiza kwenye foleni moja na kila genge la mjini.

Sasa uthibitisho. Njia anachagua Google, huulizwi: wengine hupewa simu au barua pepe, lakini kwa biashara ya nyumbani jiandae kwa video. Unairekodi kwa simu ndani ya zoezi lenyewe, huwezi kuleta uliyorekodi jana. Iwe mfululizo, haikatwi wala haihaririwi, isipungue sekunde 30. Inatakiwa ijibu maswali matatu: uko wapi, biashara ipo kweli, na wewe ndiye mwenye mamlaka nayo.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Simama nje, kamera ianze kwenye kibao cha barabara au namba ya nyumba, ipite kwenye kitu kinachotambulika hapo jirani, msikiti, shule, nguzo yenye maandishi. Tembea bila kuzima hadi mlangoni. Fungua kwa ufunguo wako, huo nao ni ushahidi. Ingia moja kwa moja mahali pa kazi: mizani, mashine ya kusagia, ile mashine ndogo ya kubania mifuko kwa moto, ndoo za achari zilizofunikwa, pakiti zilizopangwa zenye lebo. Shika pakiti moja uisogeze hadi jina lisomeke. Malizia na cheti cha jina la biashara au leseni, kamera itulie juu yake sekunde tano hivi. Cheti cha TIN kiache kabatini: Google haitaki namba za kodi wala za akaunti ya benki zionekane. Nyuso za watu pia haitaki, kwa hiyo watoto na rafiki zako waliokuja kusuka mkeka waombe wapishe kidogo.

Video inakwama kwa mambo yanayojirudia. Mtu anarekodi ndani tu, jikoni, bila kuonyesha mtaa; jiko lolote duniani linafanana na hilo. Au lebo ina jina moja, wasifu una lingine, cheti kina la tatu. Au amerekodi baada ya magharibi na taa ni moja. Na kuna la mtandao: ukimaliza kurekodi video inapakiwa hapohapo, na ukurasa ukifungwa katikati unaanza upya. Fanya mchana, bando liwe la kutosha, usipokee simu. Ukaguzi unaweza kuchukua hadi siku 5 za kazi. Ikikataliwa rudia kwenye wasifu uleule. Ukifungua wa pili kwa hasira utakuwa na pacha wawili wanaogombea jina moja, na kuwatenganisha ni kazi kuliko video yenyewe.

Saa za kazi zina mtego wetu wenyewe. Fomu inakwenda kwa saa za kizungu. Ukifungua saa mbili asubuhi andika 8:00, siyo 2:00. Lionekane dogo, lakini wasifu unaosema umefungua saa nane usiku na kufunga saa sita na nusu mchana huandika "Imefungwa" alasiri yote, na mteja anampigia mwingine. Kuna pia sehemu ya saa maalumu, kwa tarehe unazochagua, bila kugusa ratiba ya kawaida. Kwa Tanga itumie Ramadhani na sikukuu za Idi, ambapo anayeuza viungo anafanya kazi hadi usiku huku asubuhi amelala. Hiki ni kipengele ninachokipenda kuliko vyote na sioni watu wakikitumia.

Picha: JPG au PNG, kati ya KB 10 na MB 5, na kipimo kinachopendekezwa ni pikseli 720 kwa 720. Usichukue iliyokwisha kupita WhatsApp, imeshapunguzwa ubora. Toa ya asili kwenye simu. Maoni ya wateja omba kwa linki ambayo wasifu wenyewe unakutengenezea, itume baada ya mzigo kufika. Kumpa mtu punguzo au zawadi ili aandike nyota tano ni marufuku, na maoni mabaya hayafutwi kwa sababu tu yamekuuma, isipokuwa yamevunja kanuni. Unachoweza ni kuyajibu, kwa adabu, maana anayesoma jibu ni mteja ajaye.

Kwenye tovuti yenyewe wasifu utamleta mtu hadi mlangoni tu. Kinachomfukuza ni uzito. Picha moja ya simu ina MB 3 hadi 5. Ukurasa wenye kumi za namna hiyo unakula bando la mtu kabla hajaona bei. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200 na uzihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, nyingi zitashuka chini ya KB 200 na hakuna atakayeona tofauti kwenye skrini ya simu. Bei ziandikwe. "Njoo inbox" inawachosha watu.

Kitufe cha WhatsApp kinaharibika kwa sifuri moja. Linki sahihi ni wa.me/ ikifuatwa na 255 na namba yako bila ile 0 ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Namba inayoanza 07 inakuwa 2557, siyo 25507. Ukiiweka hiyo sifuri, mteja anaambiwa namba haipo WhatsApp, naye hatakutafuta kukueleza. Mwishoni unaweza kuongeza ?text= na maneno yatakayokuwa tayari kwenye meseji, mfano jina la bidhaa; nafasi kati ya maneno andika %20. Kila bidhaa ipewe linki yake, hapo unajua mtu ametokea ukurasa gani kabla hujamuuliza.

Wa Dar, Arusha na kwingineko ndio wa kushughulikiwa na Search Console, chombo kingine cha Google kisicholipiwa. Kinaonyesha maneno watu waliyoandika hadi tovuti yako ikatokea, mara ngapi imetokea, mara ngapi imebofywa, na takwimu zake zinarudi nyuma hadi miezi 16. Thibitisha umiliki kwa rekodi ya TXT, mstari wa maandishi unaopewa na Google uuweke kwenye mipangilio ya domeni (jina la tovuti yako), kisha ingiza ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zako. Wenye WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, toleo la 5.5 na kuendelea wanayo tayari, jina lake wp-sitemap.xml. Tovuti mpya ikiwa haionekani kabisa, kabla ya kumlaumu mtu fungua mipangilio ya kusoma ya WordPress uangalie kile kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji. Fundi hukiweka alama wakati wa kujenga na kusahau kukiondoa, na tovuti inakaa gizani mwaka mzima.

Ripoti ya Search Console ikisema ukurasa umetembelewa na Google lakini haujaingizwa kwenye orodha yake ya utafutaji, mara nyingi hakuna kilichoharibika kiufundi. Ukurasa una picha moja na mstari mmoja wa maneno. Andika viungo vilivyomo, uzito wa pakiti, inatosha mchele kilo ngapi, inakaa muda gani, inatumwaje mikoani. Na uandike kwa Kiswahili cha mtafutaji. Mpishi anatafuta "viungo vya pilau", hatafuti jina la kifahari ulilolibuni kwa ajili ya lebo. Usitegemee matokeo ya haraka huku. Tovuti changa inasubiri, wakati wasifu uliothibitishwa unaanza kuonekana mapema.

Kuna kero mbili za kudumu upande wa wasifu. Mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko, mfano kwamba umefunga au simu yako si hiyo, kwa hiyo uutazame kila baada ya siku chache. Na kuna wapigaji wanaojitambulisha kuwa wa Google wakidai ada ili wasifu usifutwe. Wasifu hauna ada, kata simu.

La mwisho ni umiliki. Wengi hufunguliwa wasifu na kijana wa steshenari kwa Gmail aliyoitengeneza papo hapo, nenosiri linabaki kwake, na siku akihama mji biashara inabaki haina mwenyewe. Ufunguliwe kwa Gmail yako, yeye umuongeze kama meneja. Kama umeshachelewa, akuongeze kuwa mmiliki sasa, msubiri siku 7 ambazo Google humwekea mmiliki mpya kabla ya kumpa mamlaka kamili, halafu akuhamishie umiliki mkuu mbele yako, simu zote mbili zikiwa mezani.